Pambo Lisizibe Pumzi

(Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyosomwa redioni Jumapili iliyopita. Tunayachapa kwa ajili ya wasomaji waliokosa kuyasikia.)

Mpenzi msikilizaji, leo sina neno juu ya bei ya mafuta wala juu ya foleni za magari. Nataka tuzungumze juu ya vipande vinne vya mbao ya mninga, vilivyorandwa vizuri, vikapakwa vanishi, vikapigiliwa kuzunguka jokofu katika nyumba ya dada yangu, Tabata, hapa Dar es Salaam. Vipande hivyo vilimpatia dada yangu sifa kwa muda wa wiki tatu. Kisha vikamtoa msichana mmoja kazini, tena bila ya mshahara wake. Mimi mwenyewe nilikuwapo, na sehemu yangu katika jambo hilo nitaieleza bila ya kuificha.

Dada yangu alipomaliza kujenga, fundi alimwachia jikoni nafasi ya jokofu, au friji kama tuitavyo majumbani, katikati ya makabati mawili. Jokofu likaingia, lakini likabakiza mwanya: vidole vinne kila ubavu, na kiasi cha shubiri moja kwa juu. Mwanya ule ulimkera. Alisema kila akiutazama anaona pengo la jino la mbele. Alikuwa ameona picha za majiko ya kisasa, ambamo jokofu na oveni vimezama ndani ya makabati, na ukingo wa mbao umevizunguka kama fremu ya picha, hata huwezi kujua kifaa kinaishia wapi na kabati linaanzia wapi. Akamwita seremala.

Seremala yule ni fundi hodari, hilo halina ubishi. Alipima kwa futikamba, akaranda, akakata pembe zikakutana bila ya kuacha hata nafasi ya kupitisha karatasi. Juu aliweka ubao mpana uliochorwa maua. Chini, miguuni pa jokofu, akaweka ubao mwingine uliogusa sakafu. Palipobaki upenyo mwembamba akapaziba kwa silikoni. Nilipokwenda kumtembelea dada, nilisimama mbele ya kazi ile nikasema, "Dada, sasa umefika Ulaya." Maneno hayo ni yangu, na leo yananiuma.

Wiki ya tatu dada akaanza kulalamika. Umeme wa LUKU aliozoea kuununua mara moja kwa mwezi sasa ulikwisha kabla ya tarehe 20. Jokofu lilinguruma usiku kucha bila ya kupumzika. Maziwa ya jioni yakawa yamekatika kufika asubuhi. Mwishowe ikatokea siku ambayo alifungua mlango akakuta kilo sita za nyama, alizozinunua kwa ajili ya shughuli ya nyumbani, zimebadilika rangi na zinatoa harufu.

Nani aliyelaumiwa? Bila shaka umekwisha kujua, msikilizaji. Aliitwa msichana wa kazi, akasimamishwa katikati ya jiko, akaambiwa kwamba yeye ndiye anayeacha mlango wa jokofu wazi kwa uvivu wake. Binti akajibu kwa sauti ndogo, "Mama, mimi naufunga. Lakini hili friji pembeni linachoma."

Dada akanigeukia. "Kaka, unamsikia huyu? Friji linachoma!"

Nami nikacheka. Nilicheka, msikilizaji, mimi ambaye katika masomo yangu ya stashahada ya uandishi wa habari nilifundishwa kwamba kila jambo lina pande mbili na kila upande una haki ya kusikilizwa. Ilikuwa hatua tatu tu kutoka nilipokuwa nimesimama mpaka kwenye jokofu lile. Sikwenda kuligusa. Mshahara wa binti wa mwezi ule ukakatwa wote kufidia nyama, na kesho yake akapanda basi kurudi kwao Singida.

Juma moja baadaye samaki nao wakaoza. Safari hii binti alikuwa Singida, wala hapakuwa na mtu wa kusingiziwa mlango. Ndipo alipoitwa fundi wa majokofu. Fundi yule hakufungua hata mkoba wake wa vifaa. Aliweka kiganja juu ya ule ubao wa mninga, akakiondoa upesi, akauliza, "Mama, nani aliyelifunika hili blanketi?" Akaomba nyundo, akang'oa ubao wa juu. Hewa iliyotoka mle ilitupiga usoni kama ya tanuri la mikate.

Hebu sasa tujifunze kidogo, kwa sababu kosa lile lilitokana na kutojua. Wengi wetu tunadhani jokofu linatengeneza baridi. Sivyo. Jokofu linahamisha joto. Linalichukua joto lililomo ndani, katika nyama na maziwa na maji uliyoyaweka, na kulitoa nje kupitia mabomba membamba yaliyoko mgongoni mwake, na katika majokofu mengi ya siku hizi mabomba hayo yamefichwa chini ya bati la ubavuni. Ndiyo maana ubavu wa jokofu huwa na uvuguvugu. Uvuguvugu huo ni wa kawaida. Lakini joto lililotolewa lazima lipate hewa ya kulichukua na kwenda nalo. Ukiizuia hewa hiyo, joto linabaki pale pale, linazunguka, na mashine inajaribu kulisukuma tena na tena mahali ambapo tayari pamejaa joto. Kwa hiyo mota haipumziki, umeme unaliwa, na ndani baridi haifikii kiwango.

Ule mwanya wa vidole vinne uliomkera dada yangu ulikuwa pua ya jokofu. Tukauziba kwa mninga na silikoni, kisha tukashangaa kwa nini linahema.

Kila mtengenezaji ana vipimo vyake, na vimeandikwa katika kijitabu kinachokuja na jokofu. Kwa majokofu ya kusimama peke yake wengi hutaka zisipungue sentimita 5 nyuma na ubavuni, na wako wanaotaka 10, hasa kwa juu. Yako pia majokofu yaliyoundwa tangu kiwandani yakae ndani ya kabati. Hayo yana njia yake ya kupumua: hewa inaingia kwa chini, inapita mgongoni, inatokea juu. Lakini hata hayo hayapumui penye ukuta. Vijitabu vingi vya watengenezaji wa Ulaya huagiza upenyo usiopungua sentimita za mraba 200 wa kuingizia hewa, yaani ufa wa urefu wa sentimita 50 na upana wa sentimita 4, na upenyo mwingine kama huo wa kuitolea. Kinachohesabiwa hapo ni uwazi, si vijiti vya mbao vilivyo katikati yake.

Kuna jambo lingine ambalo watu wa mji wa joto kama wetu tunapaswa kulitazama. Ndani ya jokofu, au mgongoni mwake, kuna kibandiko chenye herufi zinazoonyesha lilitengenezwa kwa hali gani ya hewa. Herufi N maana yake ni jokofu la kufanya kazi katika chumba chenye joto la nyuzi 16 hadi 32. Herufi ST hufika nyuzi 38, na T hufika nyuzi 43. Sasa fikiri: mwezi wa Februari hapa Dar es Salaam joto la mchana kivulini hufika nyuzi 32 na kupita, na jikoni kuna mkaa au gesi inayowaka. Mtu amenunua jokofu la mtumba lililotoka Ulaya, lina herufi N. Hata bila ya pambo lolote liko ukingoni. Ukilijengea sanduku la mbao umelimaliza.

Na hili si suala la umeme tu. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kinachoharibika upesi kihifadhiwe katika baridi isiyozidi nyuzi 5, na chakula kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa mbili. Jokofu linalohema linaweza kuonekana lina baridi, maji ya kunywa yakawa ya kuburudisha, na kumbe kuku wa watoto amelala usiku kucha katika nyuzi 10 au 12. Ukimtazama kwa macho hutajua. Mtoto akiumwa tumbo tutasema ni maembe.

Mpenzi msikilizaji, sisemi watu wasipambe nyumba zao. Mtu aliyejinyima miaka kumi akajenga ana haki ya kuona jiko lake linapendeza. Ninalosema ni kwamba pambo lijue mahali pake. Nilimwomba yule fundi wa majokofu, na baadaye yule seremala, wanieleze jinsi kazi hii inavyotakiwa kufanywa, na nitakupa machache ya kukumbuka.

Kwanza, kabla seremala hajapima ukuta, mpe kijitabu cha kifaa. Cha dada yangu kilikuwamo ndani ya droo, kimo katika mfuko wake wa plastiki, hakijafunguliwa. Seremala alipoulizwa baadaye alijibu, "Mama, uliniambia niuzibe mwanya, nami nikauziba." Naye alikuwa na haki. Aliitwa apendezeshe, na hakuna aliyemwambia kitu kile kinahitaji kupumua.

Pili, hewa iwe na mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Hewa ya moto hupanda. Kwa hiyo acha uwazi chini na acha uwazi juu. Ukitoboa chini tu, au juu tu, umefanya nusu ya kazi, kama dohani iliyozibwa upande mmoja.

Tatu, ukingo ufungwe kwenye kabati au ukutani, kamwe usifungwe kwenye jokofu lenyewe. Nimekwisha kusema kwamba mabomba yanaweza kuwa chini ya bati la ubavuni. Skrubu moja au msumari mmoja ukiingia hapo, gesi yote inavuja na jokofu limekufa. Isitoshe, majokofu mengi mapya hutumia gesi iandikwayo R600a, ambayo hushika moto. Ndiyo maana katika vijitabu vyake huwamo onyo kwamba matundu ya hewa ya kifaa, au ya kabati lililokizunguka, yasizibwe.

Nne, tumia skrubu, usitumie gundi na misumari. Siku moja jokofu litahitaji kuvutwa nje, lisafishwe vumbi la mgongoni au litengenezwe. Dada yangu alilazimika kuvunja kazi aliyoilipia. Soketi nayo iwe mahali ambapo mkono unafika bila ya kubomoa kitu.

Tano, fungua mlango wote kabla hujapigilia chochote. Ukingo mnene upande wa bawaba unaweza kuuzuia mlango usifunguke sawasawa, na zile droo za ndani zisitoke tena.

Kuhusu oveni za kupachika, mara nyingi hazihitaji pambo hata kidogo. Uso wa oveni umetengenezwa kuwa mpana kuliko tundu la kabati, ili ufunike kingo zake wenyewe. Juu ya mlango wake huwa kuna ufa mwembamba ambao feni ndogo hutolea hewa ya moto, na feni hiyo huendelea kuvuma hata baada ya oveni kuzimwa. Nimeona nyumba ambayo ufa huo umefunikwa kwa ukanda wa mbao uliopakwa rangi ya dhahabu, kwa sababu mwenye nyumba alidhani ni kasoro ya kiwanda. Maikroweve nayo, ile ya kuweka mezani, isisukumwe tu ndani ya kabati na kuzungushiwa mbao. Baadhi ya watengenezaji huuza fremu maalumu kwa aina fulani za maikroweve zao, na ukiitazama fremu hiyo utaona ina matundu. Hawakuyaweka kwa urembo.

Lakini hatari kubwa kuliko zote iko kwenye gesi ya kupikia. Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034, na mitungi ya gesi inazidi kuingia majumbani. Ni jambo jema. Hata hivyo, wengi wetu tunaona mtungi ni kitu kibaya machoni, tunauficha kabatini chini ya jiko, tunapiga ubao mzuri mpaka sakafuni. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini, bali hushuka na kujikusanya chini, ndani ya kabati ulilolipamba, ikingoja cheche. Kama unaweza, mtungi ukae nje ya nyumba penye hewa. Kama ni lazima uwe kabatini, basi kabati liwe na matundu chini kabisa, usawa wa sakafu, na ubao wowote wa urembo usiyafunike.

Ajabu ni kwamba mambo haya si mageni kwetu. Ukitembea Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, tazama juu ya milango na madirisha, tazama na varanda za ghorofani. Utakuta mbao zilizokatwakatwa na kutobolewa kwa ustadi, jua linazuiwa na upepo unapita. Rudi hapa bara, katika nyumba za zamani za Magomeni na Ilala, utaona matofali ya matundu yaliyopangwa kwa maua juu ya dirisha. Wazee wale walipenda urembo kuliko sisi, lakini urembo wao ulitoboka. Sisi tumechukua picha ya jiko la nchi ya baridi, tukaichora juu ya ubao mzima usio na tundu, tukasema huo ndio usasa. Waswahili walikwisha kutuonya: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Seremala yule yule aliitwa tena. Safari hii alipewa kijitabu, na fundi wa majokofu akasimama karibu yake. Maua yale yale aliyokuwa ameyachora juu ya ubao akayatoboa mpaka upande wa pili. Chini akaweka vijiti vilivyoachana. Ubavuni akarudisha mwanya, akaupaka rangi nyeusi kwa ndani ili usivute jicho. Kazi ya pili inapendeza kuliko ya kwanza, na umeme wa LUKU sasa unafika mwisho wa mwezi.

Yamebaki ya binti. Jokofu lilitengenezwa kwa siku moja, lakini la binti halitengenezwi kwa nyundo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kumkata mfanyakazi mshahara kwa sababu ya hasara mpaka iwe kosa ni la mfanyakazi mwenyewe, aelezwe kwa maandishi, na apewe nafasi ya kujitetea. Hata hapo kuna mpaka wa kiasi kinachoweza kukatwa. Dada hakuijua sheria hiyo. Mimi niliijua, na nilikuwa nacheka. Tuseme ukweli: ni majumba mangapi ambamo kitu kikiharibika, anayeitwa kwanza ni yule asiye na sauti? Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Binti yule alikuwa mtu pekee katika nyumba ile aliyeligusa jokofu kila siku kwa mikono yake, akilifuta. Yeye ndiye aliyejua, na akasema. Alichosema ndicho alichokuja kukisema fundi, tena fundi tulimlipa.

Dada alimpigia simu. Alimwomba radhi, akamtumia mshahara wake wote kwa simu pamoja na nauli, akamsihi arudi. Binti aliupokea mshahara. Nauli aliirudisha. Alisema anashukuru, lakini amepata kazi kwa mama ntilie mmoja karibu na stendi, na harudi Dar es Salaam. Kabla ya kukata simu aliuliza jambo moja tu: "Mama, lile friji bado linachoma?"

Mpenzi msikilizaji, ukitoka hapo ulipo nenda jikoni kwako, uweke kiganja ubavuni mwa jokofu. Ukikuta uvuguvugu, shukuru. Ukikuta mkono unashindwa kutulia, tafuta ni nini kimeziba hewa kabla hujatafuta mtu wa kumlaumu. Na kama nyumbani mwako kuna mtu aliyekwisha kukuambia kwamba kitu fulani hakiko sawa, mwite umsikilize leo.

Kwa herini, mpaka Jumapili ijayo.